Majeruhi, Muuguzi na Miaka Kumi: Chimbuko la Riwaya ya A Farewell to Arms

Msomaji amalizapo riwaya nzuri ya mapenzi, aghalabu huuliza: je, mwanamke huyu alikuwa nani? Swali hili si la kudharauliwa, kwani hapana riwaya izukayo pasipo na mahali pa kuzukia. Lakini jibu lake, likitolewa kwa pupa, laweza kuwadhulumu watu wawili kwa mpigo mmoja. Humdhulumu mwandishi, ambaye kazi yake hugeuzwa kumbukumbu tupu. Na humdhulumu mwanamke mwenyewe, ambaye maisha yake humezwa na maisha ya mhusika wa kubuniwa.

Makala haya yanachunguza riwaya ambayo kwa muda mrefu ilijibiwa kwa pupa ya namna hiyo, nayo ni A Farewell to Arms ya Mmarekani Ernest Hemingway, iliyotolewa mwezi wa Septemba, 1929. Inajulikana sana kwamba Hemingway alijeruhiwa Italia mwaka wa 1918, akampenda muuguzi aliyemtunza, na kwamba muuguzi huyo aliitwa Agnes von Kurowsky. Kutokana na hayo wengi wamehitimisha kuwa Agnes ndiye Catherine Barkley wa riwaya, na kwamba riwaya ni masimulizi ya mapenzi yao. Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba riwaya hiyo haikutoka kwa mwanamke mmoja. Ilitokana na mambo manne yaliyokutana baada ya miaka kumi: jeraha, barua ya kuachwa, msafara wa wakimbizi ulioonwa katika nchi nyingine, na uzazi wa taabu. Tena, mambo hayo hayakuingia riwayani kama yalivyotukia. Mengine yaliingia yakiwa yamepinduliwa.

Riwaya yenyewe kwa muhtasari

Mhusika mkuu, Frederic Henry, ni Mmarekani aliye luteni katika jeshi la Italia, akisimamia magari ya kuchukulia majeruhi. Mwaka wa 1917 anapigwa na kombora na kuumia mguu. Katika hospitali ya Milan anauguzwa na Catherine Barkley, Mwingereza aliyefiwa na mchumba wake katika vita vya Somme. Wanapendana, na Catherine anashika mimba. Henry anarudi vitani wakati majeshi ya Italia yanaposhindwa huko Caporetto na kurudi nyuma kwa vurugu. Anaponea chupuchupu kupigwa risasi na askari wa upande wake mwenyewe, anajitosa mtoni, anaiacha vita. Yeye na Catherine wanavuka ziwa usiku kwa mashua hadi Uswisi. Huko mtoto anazaliwa akiwa mfu, na Catherine anakufa kwa kutokwa na damu. Henry anabaki peke yake, anatembea katika mvua kurudi hotelini.

Jina la riwaya lilichukuliwa kutoka kwa shairi la George Peele, mshairi wa enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Mfasiri wa Kiswahili angepata taabu nalo, kwa sababu neno moja la Kiingereza hubeba maana ya silaha na pia maana ya mikono, ile mikono ya kukumbatia. Kwa Kiswahili yapasa kuchagua: ama ni kuagana na silaha, ama ni kuagana na kumbatio. Riwaya inasimulia maagano yote mawili, na lile la pili ndilo lililo zito zaidi.

Jeraha

Hemingway alizaliwa Oak Park, Illinois, Julai 21, 1899. Baada ya kuwa mwandishi wa habari mjini Kansas City kwa miezi michache, alijiunga na kikosi cha magari ya wagonjwa cha Msalaba Mwekundu wa Marekani, akafika Milan mwanzoni mwa Juni, 1918. Hakukaa sana na kazi ya magari. Alijitolea kuwapelekea askari wa Italia chokoleti na sigara katika mahandaki kandokando ya mto Piave. Usiku wa Julai 8, huko Fossalta, kombora la Waaustria liliangukia karibu naye. Mamia ya vipande vya chuma yaliingia miguuni mwake, kisha risasi za rashasha zikamwongezea jeraha. Zilikuwa zimesalia takriban wiki mbili tu atimize miaka kumi na tisa.

Baina yake na kombora alikuwapo askari mmoja Mwitalia aliyeuawa papo hapo. Yamkini mwili wa askari huyo ndio uliomkinga kijana Mmarekani. Ilipita miaka mia moja hata watafiti, mwaka wa 2019, wakapendekeza jina lake hadharani kutoka katika kumbukumbu za jeshi.

Serikali ya Italia ilimtunuku Hemingway nishani ya fedha, na ikaenea habari kwamba, ingawa alikuwa ameumia, alimbeba mgongoni askari mwenzake. Aliporudi kwao mwezi wa Januari, 1919, alialikwa kutoa hotuba, akavaa vazi lake la kijeshi, na mara kwa mara akaitia chumvi hadithi yake. Alidai hata kwamba alipigana pamoja na Arditi, kikosi cha Italia kilichosifika kwa ushupavu, jambo ambalo halikuwa kweli.

Ni muhimu kuyalinganisha hayo na riwaya. Luteni Henry anapigwa akiwa ndani ya handaki, anakula makaroni na jibini. Rafiki yake Rinaldi, daktari, anapomtembelea na kumhimiza akubali kuwa alitenda ushujaa ili apewe nishani, Henry anakataa. Anasema hakumbeba mtu yeyote. Alikuwa akila tu. Majivuno ya kijana wa 1919 yanakanushwa na mhusika wa 1929. Hii ndiyo sababu haitoshi kusema kwamba mwandishi alijisimulia. Riwaya imefanya kazi ya kusahihisha, na kwa jambo hili ubunifu umekuwa mkweli kuliko ushahidi wa mwenye jeraha. Tayari katika hadithi fupi Soldier's Home, iliyotolewa mwaka wa 1925, Hemingway alikuwa amemchora askari aliyetoka vitani ambaye uongo wake kuhusu vita unamletea kinyaa cha nafsi. Hapana shaka alikuwa akiandika juu ya maradhi aliyoyajua.

Milan na barua

Katika hospitali ya Msalaba Mwekundu mjini Milan, Hemingway alikuwa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza kupokelewa. Agnes von Kurowsky, Mmarekani aliyesomea uuguzi katika hospitali ya Bellevue, New York, aliyewahi pia kufanya kazi ya maktaba, alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Alimzidi mgonjwa wake kwa miaka saba. Alipenda zamu za usiku, na katika zamu hizo wakazoeana. Waliandikiana barua hata walipokuwa chini ya paa moja, na waliendelea kuandikiana Agnes alipopelekwa Florence na baadaye Treviso. Hemingway aliondoka Italia akiamini kwamba watafunga ndoa.

Barua ya kumwachisha matumaini iliandikwa Machi 7, 1919. Agnes alimweleza kwamba pendo lake lilikuwa karibu zaidi na la mama kuliko la mchumba, kwamba yeye Hemingway bado alikuwa kijana mdogo, na kwamba yeye Agnes alitarajia kuolewa na mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa ofisa Mwitalia, na ndoa hiyo haikutimia. Lakini barua ilikuwa imekwisha kufika, nayo ilimtupa kitandani aliyeipokea.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika maisha, muuguzi ndiye aliyemwacha askari, naye akaendelea kuishi. Katika riwaya, muuguzi anampenda askari hata kufa, na askari ndiye anayebaki. Tukio limegeuzwa juu chini. Mtu akitaka kusema kwamba Agnes ndiye chimbuko la Catherine, yampasa aseme pia kwamba Catherine ni Agnes asiyeandika barua ile. Catherine hana matakwa nje ya mapenzi yake, na wahakiki wengi, hasa wanawake, wamelalamikia unyenyekevu wake uliokithiri. Ukimsoma kando ya barua ya 1919, unyenyekevu huo huonekana kuwa ni jibu la mtu aliyeachwa zaidi ya kuwa picha ya mwanamke aliyemwacha.

Jaribio la kwanza

Miaka kumi ilikuwa na kazi yake. Hemingway hakulisubiri jambo hilo kimya. Alijaribu kuliandika mapema, na jaribio lake laonyesha tofauti kati ya kisasi na riwaya. Katika kitabu chake kidogo kilichotolewa Paris mwaka wa 1924, mna kisa kifupi sana cha askari mgonjwa na muuguzi huko Milan. Muuguzi aliitwa Ag. Anamwahidi askari ndoa, kisha anamwandikia barua kumwambia kwamba mapenzi yao yalikuwa ya kitoto, na kwamba ataolewa na Mwitalia. Haolewi. Askari naye anaambukizwa maradhi ya zinaa na mwanamke asiyemjua. Kisa hicho, ambacho baadaye kilipewa jina la A Very Short Story, kinafuata matukio ya kweli karibu hatua kwa hatua. Katika matoleo yaliyofuata mji uligeuzwa ukawa Padua na jina likawa Luz, kwa kuchelea mashtaka ya kashfa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kisa kilicho karibu zaidi na kweli ndicho kilicho finyu zaidi. Kina uchungu, lakini hakina huruma kwa mtu yeyote. Kama chimbuko la kazi ya fasihi lingekuwa ni tukio peke yake, basi kisa cha 1924 kingetosha, na riwaya ya 1929 isingehitajika.

Mvua ya Thrace

Sehemu ya riwaya iliyosifiwa kuliko zote ni ile ya kurudi nyuma kutoka Caporetto. Watu waliokuwamo katika msiba huo wa Oktoba, 1917, walishangazwa na usahihi wake. Hata hivyo, wakati huo Hemingway alikuwa kijana wa miaka kumi na minane huko Kansas City, ndiyo kwanza ameanza kazi ya gazeti. Mhakiki Michael Reynolds, katika uchunguzi wake uliotolewa mwaka wa 1976, alionyesha jinsi mwandishi alivyotegemea historia zilizoandikwa na ramani ili kuijenga nchi ambayo hakuwa ameiona wakati wa vita.

Lakini ramani hazina matope. Matope yalitoka kwingine. Mwezi wa Oktoba, 1922, Hemingway alitumwa na gazeti la Toronto Star kushuhudia Wagiriki wakiihama Thrace ya Mashariki baada ya kushindwa na Waturuki. Aliona msafara usiokwisha wa magari ya kukokotwa, ng'ombe, vitanda na magodoro, watu wakitembea kichwa chini katika mvua. Katika kitabu cha 1924 alikiandika kisehemu kifupi juu ya msafara huo, na ndani yake yumo mwanamke anayejifungua njiani, msichana akimkinga kwa blanketi huku akilia. Kwa hiyo wakimbizi wa Thrace ndio waliomwazima Luteni Henry barabara yake. Vita vya Italia vya mwaka wa 1917 vilivaa mvua ya mwaka wa 1922.

Uzazi

Kisehemu hicho cha Thrace chatangulia jambo la nne. Uzazi na kifo vilikuwa vimekwisha kukutana katika maandishi ya Hemingway kabla ya riwaya hii. Baba yake alikuwa daktari, na katika hadithi ya Indian Camp daktari anampasua mama mjamzito bila dawa ya usingizi, huku mumewe akijiua kitandani juu yake. Udongo ulikuwa umelimwa.

Riwaya ilianza kuandikwa Paris mwezi wa Machi, 1928. Iliendelea Key West na Piggott, Arkansas. Mke wake wa pili, Pauline Pfeiffer, alikuwa mjamzito. Juni 28, 1928, mjini Kansas City, baada ya utungu wa muda mrefu, Pauline alizaa kwa kupasuliwa. Alinusurika, na mtoto akanusurika. Mswada wa kwanza ulimalizika mwezi wa Agosti mwaka huohuo huko Wyoming, nao ukamalizikia kwa Catherine kupasuliwa, mtoto kufa, na mama kufa. Kitabu kilitabarukiwa G. A. Pfeiffer, mjomba wa mwandishi kwa upande wa mkewe.

Basi katika mwili mmoja wa Catherine wamo wanawake wawili kwa uchache. Muuguzi wa Milan alitoa mwanzo, na mke wa Kansas City akatoa mwisho. Habari za Agnes zimerudiwa mara nyingi sana, ilhali mchango wa Pauline hutajwa kama jambo la kando. Labda ni kwa sababu swali la msomaji huwa ni nani alipendwa, wala si nani aliyeumia.

Mtoto aliyezaliwa siku ile ni Patrick Hemingway. Habari zake zinaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Alihamia Tanganyika katika miaka ya hamsini, akaishi huko kwa takriban robo karne, akaongoza misafara ya uwindaji, na baadaye akafundisha katika Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro. Wanafunzi wake wa Mweka walifundishwa na mtu ambaye katika riwaya ya baba yake alizaliwa akiwa amekufa.

Hemingway alipata taabu na ukurasa wa mwisho. Katika mahojiano na jarida la Paris Review yaliyotolewa mwaka wa 1958 alisema aliuandika mara thelathini na tisa. Toleo la mwaka wa 2012, lililohaririwa na mjukuu wake Seán, lilikusanya miisho arobaini na saba kutoka katika miswada iliyohifadhiwa Boston. Katika mmojawapo mtoto anaishi. Mwandishi aliujaribu ukweli wa Kansas City, akauacha. Dibaji ya toleo hilo iliandikwa na Patrick mwenyewe.

Agnes baada ya riwaya

Agnes von Kurowsky aliendelea na kazi ya Msalaba Mwekundu, akatumikia Romania na Haiti. Aliolewa mara mbili. Alifariki mwaka wa 1984, akazikwa katika makaburi ya kijeshi mjini Washington. Wasifu wa Hemingway ulioandikwa na Carlos Baker ulipotolewa mwaka wa 1969, jina lake lilikuwa limekwisha kufungwa pamoja na la Catherine. Alikataa kufananishwa naye. Kwa Henry Villard, aliyekuwa mgonjwa mwenzake Hemingway huko Milan na ambaye baadaye alikuwa balozi wa Marekani nchini Libya, alisisitiza kwamba uhusiano wao haukufikia yale yasimuliwayo riwayani.

Shajara yake ya 1918 na barua zake zilitolewa mwaka wa 1989 na Villard pamoja na James Nagel, miaka mitano baada ya kifo chake. Anayezisoma hukutana na mwanamke mcheshi, mpenda kazi, mwenye kuhangaikia wagonjwa wengi, ambaye hakutaka kufungwa mapema. Catherine hakumrithi tabia hizo. Mwanamke huyu aliishi miaka hamsini na mitano chini ya kivuli cha mhusika anayekufa ukurasa wa mwisho, na alipopewa nafasi ya kusema kwa maneno yake mwenyewe, hakuwapo tena.

Mafunzo kwa wahakiki

Wanafasihi wa Kiswahili hawakosi kulijua tatizo hili. Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913, humpa msomaji shujaa aliyedungwa sindano ya shaba kitovuni. Haumpi tarehe za mtu aliyeishi, na wanahistoria waliotafuta tarehe hizo ndani ya beti wametofautiana kwa karne kadhaa. Utendi una ukweli wake, na historia ina wake. Kuuchunguza uhusiano wa hizo mbili ni kazi halali, mradi moja isigeuzwe kuwa hati ya nyingine.

Liko funzo la pili, nalo linahusu ushahidi. Chimbuko la A Farewell to Arms laweza kufuatiliwa siku kwa siku kwa sababu majeruhi huyu aliandikiwa barua, muuguzi wake aliweka shajara, na hospitali yake iliweka kumbukumbu. Mwaka huohuo wa 1918, vita hivyohivyo vilipokuwa vikimalizikia Afrika Mashariki, wapagazi walikuwa wamekufa kwa makumi ya maelfu. Mitaa iitwayo Kariakoo, jina lililotokana na kikosi chao, ndiyo kumbukumbu yao inayoonekana zaidi. Hao nao walikuwa na majeraha, na bila shaka walikuwa na waliowapenda na waliowaacha. Wao na yule askari wa Fossalta aliyekaa karne nzima bila jina wako katika daraja moja. Uchunguzi wa chimbuko hupendelea wenye karatasi, na mhakiki asipolikumbuka hilo atadhani kwamba wasio na karatasi hawakuwa na hadithi.

Kwa hiyo anayeifundisha riwaya hii katika vyuo vya Afrika Mashariki angefanya vyema kuanza na kisa kifupi cha 1924, kisha shajara ya Agnes, ndipo aingie katika riwaya yenyewe. Mwanafunzi atakayefuata njia hiyo ataona mwenyewe mahali ambapo maisha yaliachwa na ubunifu ukashika usukani. Ataacha pia kumwita Agnes kwa jina la Catherine, na hiyo ni haki ambayo mwenyewe aliidai akiwa hai.